Kukata Bila Kuua: Historia ya Upogoaji wa Miti Murang'a, Kutoka Shoka hadi Msumeno wa Betri

Kaunti ya Murang'a imelala kwenye mteremko wa mashariki wa safu ya Nyandarua, ambayo ramani za kikoloni ziliiita Aberdare, na ardhi yake hushuka kutoka misitu ya mwinuko wa zaidi ya mita 3,000 hadi nyanda kavu za Makuyu. Mito ya Mathioya, Maragua, Thika na Chania imeichonga nchi hiyo kuwa migongo mirefu iliyobanana, na kila mgongo umegawanywa kuwa mashamba membamba yanayoanzia juu penye barabara na kuishia chini penye maji. Mtu anayeutazama mgongo mmojawapo leo huona majani chai, kahawa, migomba na miparachichi, na katikati ya hayo yote huona maelfu ya miti mirefu iliyopogolewa hadi ikabaki shina na kishungi cha majani kileleni. Miti hiyo si mabaki ya msitu wa asili, kwa kuwa imepandwa, ikakatwa na kukatwa tena na vizazi kadhaa vya watu waliojifunza jambo gumu kuliko kuangusha mti, yaani kuukata mti uliosimama bila kuuua. Historia ya ufundi huo ndiyo inayoeleza kwa nini msumeno mwepesi wa betri, kifaa cha majuzi kabisa katika kazi hii, unastahili kuchaguliwa kwa vipimo tofauti na vile vya msumeno wa kuangushia miti.

Shoka, moto na mti ulioachwa

Masimulizi ya asili ya Wagikuyu huanzia Murang'a penyewe, mahali paitwapo Mukurwe wa Nyagathanga, ambapo inasemekana Gikuyu na Mumbi waliwekwa na Mungu chini ya mti wa mukurwe, na kwa hiyo jamii hii imehesabu chimbuko lake kwa mti tangu zamani. Hata hivyo, kilimo chake kilitegemea kufyeka. Mbari, yaani ukoo mdogo unaomiliki ardhi kwa pamoja, ilijipatia githaka, yaani eneo lake la ardhi, kwa kusogea msituni hatua kwa hatua, wanaume wakikata miti mikubwa na kuchoma visiki, wanawake wakifuata kwa kulima na kupanda. Shoka la kazi hiyo lilikuwa na bapa dogo la chuma lililopachikwa kwenye mpini wa mti mgumu, na chuma chenyewe kilitoka kwa wahunzi waliochekecha mchanga mweusi wenye madini kandokando ya vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi.

Zana hiyo ndogo iliweka mpaka wa kile kilichowezekana. Kuangusha mti mmoja mnene kwa shoka la namna ile kulichukua nguvu za watu wengi na muda mrefu, na mara nyingi moto uliowashwa shinani ndio uliomaliza kazi. Pamoja na mpaka huo wa nguvu, ulikuwepo mpaka wa imani. Charles William Hobley, ofisa wa utawala wa Kiingereza aliyechapisha mwaka 1922 kitabu kuhusu imani za Wagikuyu na Wakamba, alieleza kwamba wafyekaji waliacha hapa na pale mti mmoja mkubwa ulioitwa murema kiriti, ambao uliaminika kupokea roho za miti yote iliyoangushwa kando yake ili roho hizo zisikose makao na kuwadhuru watu. Miti ya mugumo, ambayo ni jamii ya mitini ya porini, ililindwa kwa nguvu zaidi kwa kuwa ndipo palipotolewa sadaka, na kuikata au hata kuokota kuni chini yake kulikuwa mwiko. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940 na kuanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, ameandika kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo.

Ukweaji wa miti ulikuwepo pia, ingawa haukuwa kazi ya kulipwa. Warinaji asali walikwea ili kutundika mizinga ya magogo, na wafugaji walipanda kuwakatia mbuzi matawi wakati wa kiangazi, wakitumia mikono, miguu, kamba za ngozi au za magome na kisu kimoja kiunoni. Kanuni ambazo kila mkweaji huzifahamu hadi leo zilikuwa tayari zimejulikana, kwamba chombo kizito hakibebeki juu, kwamba mkono mmoja lazima ushike mti, na kwamba tawi linaloanguka halina budi kuachiwa nafasi.

Reli, tanini na mti wa kigeni

Utawala wa Waingereza ulijenga kituo chake katika eneo hilo mwaka 1900 chini ya Francis Hall, ambaye alifariki mwaka uliofuata, na jina la Fort Hall likabaki kuwa jina la mji na wilaya hadi baada ya uhuru, lilipopishwa na jina la Murang'a. Idara ya misitu ya himaya ilianzishwa mwaka 1902, na kufikia mwaka 1910 ulikuwa umeanza mpango ulioitwa shamba, ambao uliwaruhusu wakulima kulima vyakula katikati ya miche ya serikali mpaka miche hiyo ikue, kisha wahamie kipande kingine. Miti ya asili kama muthaiti, ambao kwa Kiswahili huitwa mkulo na unasifika kwa mbao zake ngumu zenye harufu ya kafuri, ilianza kukatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo, mpasuaji mmoja akasimama juu yake na mwenzake shimoni, wakavuta kwa zamu mpaka mbao zikatoka.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea nje ya misitu ya serikali, kwenye mashamba ya watu. Muwati mweusi, mti wa Australia ambao Wagikuyu waliuita muthanduku, uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuzipatia kuni injini za reli, lakini ulienea kwa sababu ya magome yake yenye tanini, dawa ya kulainisha na kuhifadhi ngozi. Katika miaka ya 1930 wakulima wengi wa Fort Hall waliupanda, wakauza magome kwa wafanyabiashara na viwanda, na kuutumia mti wenyewe kwa kuni, makaa na nguzo. Peter Dewees, mtafiti ambaye kazi yake kuhusu upandaji wa miti wilayani Murang'a ilichapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1993, ameonyesha kwamba muwati ulifaa hasa kwa kaya zilizopungukiwa na nguvu kazi, kwa kuwa wanaume walikuwa wameondoka kutafuta kazi mijini na kwenye mashamba ya walowezi, na mti haukuhitaji palizi kama mahindi. Uhaba huo wa nguvu kazi ulikuwa jambo zito la kisiasa, kama ilivyodhihirika mwezi Julai 1947 mkutano mkubwa wa Murang'a ulipoazimia kwamba wanawake wasifanye tena kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko.

Muwati, hata hivyo, ni mti wa kuangushwa. Shina lake likikatwa halichipui vizuri, na shamba hujifufua kwa mbegu zilizolala udongoni. Ufundi uliohitajiwa ulikuwa wa kukata chini na kubandua gome, na shoka pamoja na panga vilitosha. Ufundi wa kukata bila kuua uliletwa na mti mwingine wa Australia, mgrivea, ambao Wagikuyu huuita mubariti au mukima. Mti huu uliingia Afrika Mashariki kama kivuli cha kahawa na chai katika mashamba makubwa, ukahamia polepole kwa wakulima wadogo, na ulikuwa na tabia mbili zilizowapendeza: uliweza kukua kandokando ya mazao bila kuyadhoofisha sana, na ulichipua upya karibu kila ulipopogolewa.

Hati, mipaka na panga

Kabla ya ukoloni, mipaka ya vipande vya ardhi iliwekewa alama za asili, zikiwemo mistari ya maua ya itoka, aina ya yungiyungi la shambani lenye kitunguu kisichokufa upesi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotekelezwa wakati Dharura ya Mau Mau ilipokuwa bado inaendelea, uliamuru vipande vilivyotawanyika viunganishwe kuwa shamba moja kwa kila mmiliki na kusajiliwa kwa hati. Mpaka uliosajiliwa ulihitaji kuonekana, na mti mrefu ulionekana kuliko ua. Mistari ya migrivea ikajipanga kwenye mipaka ya mashamba, kahawa ikaruhusiwa kwa wakulima wadogo wengi, kisha chai ikafuata, na mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya maendeleo ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ambayo viwanda vyake kama Kanyenyaini, Githambo, Kiru na Ikumbi viligeuka vitovu vya maisha katika sehemu za juu za wilaya.

Mti wa mpakani ulileta ugomvi wake, kwa maana kivuli hakijui hati. Mkulima aliyeachia matawi yatande alipunguza mavuno yake na ya jirani, na aliyeukata mti wote alipoteza alama ya mpaka, kuni za miaka mingi na mbao ambazo zingesomesha mtoto. Jawabu lilikuwa kupogoa, yaani kuondoa matawi ya pembeni kutoka chini kwenda juu na kuacha kishungi kileleni, na mara nyingine kukata kilele chenyewe ili shina lichipue upya kwa juu. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi katika maisha ya mti, ikatoa kuni, fito za kuegeshea mimea na majani ya kufunika udongo, huku shina likiendelea kunenepa likingoja siku ya kupasuliwa mbao.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kazi ya mkweaji wa kulipwa, kijana mwenye panga na pengine kamba, anayekwea mti wa mita 15 au 20 kwa miguu mitupu na kushuka akikata. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ya bei nafuu, lakini ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ilihusu mkweaji, ambaye alikata kwa panga kwa mkono mmoja huku uzito wake wote ukiwa juu ya vishina vya matawi aliyoyakata zamani, na kuteleza kulimaanisha kuvunjika au kufa. Ya pili ilihusu mti. Panga hukata kwa kupiga, na tawi zito lililopigwa kutoka juu hupasuka na kuchana gome la shina, au huachwa kama kishina kirefu ambacho huoza na kuingiza uozo ndani ya mbao. Alex Shigo, mwanabiolojia wa Idara ya Misitu ya Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi jeraha kama ngozi ya mtu, bali hujenga kuta za ndani za kulitenga jeraha hilo, na kwamba kuta hizo hujengeka vyema pale mkato unapopita nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina. Mkato wa namna hiyo ni mgumu sana kwa panga na ni mwepesi kwa msumeno.

Mnyororo wenye meno

Msumeno wa mnyororo ulitoka Ujerumani na Amerika ya Kaskazini. Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa umeme mwaka 1926, na mwaka uliofuata Emil Lerp alijaribu wa petroli katika mlima wa Dolmar, Thuringia. Mashine za wakati huo zilikuwa nzito kiasi cha kuhitaji watu wawili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon, alibuni mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa kuiga taya za lava wa mdudu anayekula mbao, na umbo hilo ndilo linalotumika hadi leo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ilikuwepo misumeno ya petroli iliyobebwa na mtu mmoja.

Mashine hiyo, ambayo watu wa milimani huiita pawa so, iliingia Kenya kupitia viwanda vya mbao na mashamba makubwa, kisha ikafika kwa wapasuaji wa vijijini, ambao walijifunza kuitumia hata kupasua gogo palepale lilipoangukia. Faida yake ilikuwa kubwa kwa sababu kazi ya siku nzima ya wapasuaji wawili ilikwisha kwa muda mfupi, lakini nguvu hiyo ilivunja mipaka yote miwili ya zamani, ule wa jasho na ule wa imani. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya mwaka 1999, na mwingine juu ya safu ya Aberdare uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha uharibifu mkubwa wa miti ya asili, na mikulo ilikuwa miongoni mwa iliyolengwa zaidi. Tangu hapo sauti ya pawa so msituni imekuwa ishara ya hatari kwa walinzi wa misitu.

Serikali ilijibu kwa sheria na makatazo. Sheria ya Machifu ilikuwa imewapa machifu tangu zamani uwezo wa kudhibiti ukataji, Sheria ya Misitu ya 2005 ilianzisha shirika jipya la misitu, na mnamo Februari 2018 ukataji ulisimamishwa katika misitu ya umma na ya jamii, katazo ambalo rais alitangaza kuliondoa kwa miti iliyokomaa ya kupandwa mwezi Julai 2023. Kwa miaka hiyo mti wa shambani, ule ule wa mpakani, ulibaki kuwa chanzo cha karibu cha mbao na kuni kwa watu wa Murang'a, na kuupogoa kwa uangalifu kukazidi kuwa na maana ya kiuchumi.

Lakini pawa so ya petroli haikuwa rafiki wa mkweaji. Iliundwa kwa ajili ya mtu aliyesimama ardhini, na hata zile ndogo zenye mpini wa juu, zilizotengenezwa mahususi kwa kazi ya mitini, huwashwa kwa kuvuta kamba, huunguruma bila kukoma, hutoa moshi usoni mwa mtu asiyeweza kusogea, na huhitaji petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo. Kelele zake, ambazo hupita desibeli 100, humzuia aliye juu kumsikia mwenzake wa chini anayemwonya kwamba mtoto amepita chini ya mti. Ndiyo maana wakweaji wengi walibaki na panga hata mashine ilipokuwa imejaa vijijini.

Betri, na umeme wa mito ya Murang'a

Betri ya lithiamu-ioni, iliyoanza kuuzwa kibiashara na Sony mwaka 1991, pamoja na mota isiyo na brashi, yaani mota inayozungushwa kwa udhibiti wa elektroniki bila vipande vya kusuguana na kulika, ndivyo vilivyowezesha msumeno wa mkweaji bila petroli. Katika miaka ya 2010 watengenezaji wakubwa walianza kuuza misumeno ya betri yenye mpini wa juu, na mingi kati yake ina uzito wa kati ya kilo 2 na 3 kabla ya betri kuwekwa.

Umeme wa kuichaji una historia yake Murang'a. Mitambo ya maji ya Mesco, mwaka 1933, na Wanjii, mwaka 1952, ilijengwa kwenye mito ya eneo hilo, lakini nyumba nyingi za migongo iliyopakana nayo zilikaa gizani kwa miongo kadhaa. Mpango wa umeme vijijini ulianza mwaka 1973 kwa mwendo wa pole, na mradi wa kuunganisha kaya zilizo karibu na transfoma, uliozinduliwa mwaka 2015, ndio uliofikisha nyaya kwenye nyumba nyingi za wakulima wadogo. Nyaya zilezile zimeongeza kazi ya upogoaji, kwa kuwa tawi lililoegemea waya ni hatari kwa kijiji kizima, ingawa mti uliogusa waya wenye umeme si wa kukwewa na fundi wa kawaida bali ni wa kuachiwa watu wa kampuni ya umeme.

Vipimo vya kuchagua vinatokana moja kwa moja na historia hiyo. Kipimo cha kwanza ni uzito kamili, yaani msumeno ukiwa na betri, mnyororo na oili yake, kwa sababu huo ndio uzito unaoning'inia kwenye mkanda wa mkweaji, na tangazo linalotaja uzito bila betri halimsaidii. Kipimo cha pili ni urefu wa bapa linaloongoza mnyororo. Tawi la mgrivea linalopogolewa kwa wakati wake mara chache huzidi unene wa sentimita 15, kwa hiyo bapa la sentimita 25 hadi 30 linatosha, na refu zaidi huongeza uzito pamoja na hatari ya mrusho, yaani kule kuruka ghafla kwa msumeno kuelekea uso wa mshikaji ncha ya juu ya bapa inapogusa mbao. Breki ya mnyororo inayofanya kazi upesi ni sharti, na mikono miwili juu ya msumeno ni sharti vilevile, jambo linalomlazimu mkweaji awe amefungwa kwa kamba na mkanda ili mikono yake iwe huru.

Kipimo cha tatu ni akiba ya nishati, ambayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 hubeba wati-saa 144. Mkweaji anayepogoa mstari wa mpaka huhitaji betri mbili au tatu zinazopokezana, na kwa kuwa betri hudhoofika kadiri inavyochajiwa na bei yake ni sehemu kubwa ya gharama yote, ni busara kuchagua aina ambayo betri yake huendesha zana nyingine pia na ambayo minyororo yake hupatikana mjini. Kipimo cha nne ni hali ya hewa ya nchi ya chai, yenye ukungu na mvua ndefu kati ya Machi na Mei, inayodai kifaa kilichothibitishwa na mtengenezaji wake kuhimili unyevu. Kipimo cha tano ni ukimya, ambao una faida na hatari zake: watu wa juu na wa chini husikilizana, lakini msumeno usionguruma hujifanya umezimwa, kwa hiyo kufuli la kitufe cha kuwashia lazima liwe imara na lizoeleke mkononi.

Msumeno wa mkono unaokunjwa, wenye meno yanayokata unapovutwa, haujapitwa na wakati, kwa kuwa matawi membamba hukatwa nao kwa usafi bila betri yoyote. Mahali ambapo msumeno wa betri unafaa zaidi ni kwenye matawi mazito ya migrivea iliyocheleweshwa na kwenye miparachichi ya Kandara na Maragua, ambayo wakulima wa soko la nje hulazimika kuifupisha ili mwanga ufike ndani na matunda yachumwe bila kupigwa fimbo. Tawi la namna hiyo hukatwa kwa mikato mitatu, wa kwanza kutoka chini hadi sehemu ya unene wake, wa pili kutoka juu mbele kidogo ili tawi lianguke bila kuchana gome, na wa tatu, ulio safi, kando ya uvimbe wa maungio.

Historia ya Murang'a inafundisha kwamba kila zana ilileta desturi yake ya kukata. Shoka dogo lilifungamana na murema kiriti, panga likaunda mti wa mpakani, na pawa so ya petroli ikaangusha mikulo kabla jamii haijapata muda wa kuiwekea masharti. Msumeno wa betri una asili moja na pawa so kwa mnyororo wake, lakini kwa kazi yake ni mrithi wa panga la mkweaji, na ukipimwa kwa kasi ya kuangusha utaonekana dhaifu. Ukipimwa kwa usafi wa mkato na usalama wa aliye juu, ni zana bora kuliko zote zilizowahi kupandishwa mitini katika nchi hiyo. Kinachobaki ni kwamba vijana wanaoibeba wafundishwe kamba, mkanda na mikato mitatu kabla ya kukabidhiwa betri, na wenye mashamba wakubali kuilipa kazi hiyo kama ufundi kamili, kwa kuwa mti uliopogolewa vizuri leo utaendelea kutoa kuni na kulinda mpaka hadi uwe mbao mikononi mwa wajukuu.